Mtoto Hahesabiwi

Walipomaliza kumzika kaka yangu waliniletea koti lake. Kijana mmoja aliyefuatana na maiti kutoka Bujumbura alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto amelala, akaniwekea mapajani, akarudi nje kukaa na wanaume. Koti la rangi ya majivu, viwiko vimechakaa, mfuko mmoja umetoboka. Nikanusa kola. Nilitegemea harufu ya dawa, maana aliugua muda mrefu. Ilikuwa chaki. Chaki kavu, ile inayomkaa mtu kooni. Nilikaa na lile koti mpaka wali wangu ukapoa, na binti zangu wakadhani nalia. Mi silii ovyo. Nilikuwa nimerudi Yoba, mtaa wetu wa Gitega, ukutani pa jiko la Bibi.

Kaka yangu Ramadhani alikuwa mwalimu wa hesabu chuo kikuu. Watu walimwita profesa, mi nilimwita Rama mpaka siku ya mwisho. Alisoma Gitega, akasoma Bujumbura, akapelekwa Ulaya kwenye baridi, na wenzake walipobaki huko yeye akarudi na sanduku moja la vitabu na koti hilo hilo. Walitaka kumfanya mkubwa wa ofisi, akakataa. Alisema ofisi haina ubao. Ilipita miaka mibaya, nayo sitaisema hapa, wa rika langu mnaijua. Mwanafunzi wake mmoja aliniambia kwamba mwaka ule darasa lilipungua sana, na mwalimu aliingia, akawatazama waliobaki, akaanza kuandika ubaoni bila kuuliza wako wangapi. Mwenzake mgeni angeuliza. Rama alijua kuna siku za kutouliza.

Kwa muda mrefu mi sikuelewa kazi yake. Siku moja ya Idd alikuja hapa kwangu Muyinga kama kawaida yake, tukawa tunakula, nikamwuliza: "Kaka, hao wanafunzi wako wana ndevu. Bado hawajajua kuhesabu?"

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Hawajajua, mdogo wangu. Na mi mwenyewe bado najifunza."

"Basi serikali imekosa kazi."

"Kweli kabisa. Ongeza mchuzi."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimtania anakubali, halafu anakuomba mchuzi.

Kwenye matanga walikuja walimu wenzake, wakasema Kifaransa kirefu, na mi nilishika jina lake tu. Yule kijana wa koti ndiye aliyekuja kukaa chini mkekani karibu yangu, akanieleza kwa Kiswahili. "Bon, mama, nikwambie. Siku ya kwanza darasani hakuita majina. Alituacha tumesimama, akauliza: viti vinatosha? Tukaanza kuhesabu. Akasema hapana, bila kuhesabu, mtajuaje? Tukamwona mzee amechoka kichwa. Akasema: kaeni. Tukakaa. Akasema: mmeona? Kiti kikibaki, viti vimezidi watu. Mtu akibaki, watu wamezidi viti. Hakuna aliyehesabu, na wote tumejua. Kuanzia hapo, mama, alitupeleka mbali, mpaka kwenye vitu visivyo na mwisho, vile ambavyo hata uishi miaka ya Nuhu hutamaliza kuvihesabu, na bado ukajua kipi kinakizidi kingine."

Nikamwambia: "Hiyo haikutoka Ulaya, baba. Hiyo ni ya vikombe vya Bibi."

Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mfiwa. Hakuelewa. Ndiyo sababu nasema.

Baba yetu alikuwa fundi wa cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, mguu wake haukutulia kuanzia asubuhi, na sisi tulilala na kuamka kwa mlio ule. Nyumba ilikuwa ya baba kwa jina tu. Mwenyewe alikuwa Bibi, mama yake baba, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kusema neno mara mbili. Mama alimheshimu, baba alimwogopa, na majirani walipogombana walikuja kwake ili wote wawili wagombezwe.

Bibi alikuwa na misumari ukutani pa jiko, na kwenye kila msumari kikombe cha bati cha mtoto mmoja. Changu kilikuwa na ua jekundu lililobanduka. Cha Yusufu, kaka yetu mkubwa, kilikuwa kimebonyea kwa sababu alikitumia kupigia watu. Cha Rama kilikuwa cheupe bila kitu. Cha Asha, kitinda mimba, kilikuwa kidogo kama cha kunywea dawa. Baada ya Magharibi uji wa mtama ulikuwa tayari, moshi wa kuni umetujaa machoni, na kila mtoto alichukua kikombe chake akasogea kwenye sufuria. Bibi hakutuangalia sisi. Aliangalia misumari.

"Kikombe cha Yusufu bado kinaning'inia," alisema. "Iko wapi hiyo shetani?"

Na kweli Yusufu alikuwa bado mtoni.

Hakutuhesabu hata siku moja. Mtoto hahesabiwi. Wa rika langu mmelelewa hivyo na nyinyi, msijifanye. Kitu kinachohesabiwa ni cha kuuza, cha kugawa, au cha kuzika. Wala hayakuwa mambo ya dini, kwa sababu wakulima wa Gishubi waliotuletea maharagwe, Wakristo wale, nao hawakuwanyooshea ng'ombe wao kidole wakisema moja, mbili. Alikuja mtu wa serikali siku moja na kalamu yake, akamwuliza Bibi: "Mama, watoto wa hapa ni wangapi?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wanatosha kukutoa nje."

Akatoka.

Sasa katika nyumba kama hiyo Mungu akamleta Rama. Huyo mtoto alihesabu kila kitu. Alihesabu mabati ya jirani, mishono ya baba kwenye pindo, mbayuwayu kwenye waya, mikunjo ya kanga ya mama akiwa amembeba Asha. Hakusema kwa sauti, lakini midomo yake ilikuwa inatembea, na Bibi aliitazama ile midomo kama unavyomtazama mbuzi aliyesogelea shamba la mtu.

"Rama. Hesabu mawe. Hesabu maharagwe. Usivuke hapo."

"Ndiyo, Bibi."

Hakuvuka, mpaka mwalimu alipomtuma. Shuleni mwalimu aliwaambia kila mmoja aje kesho na idadi ya watu wa nyumbani kwao. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, sijui kwao waliishije. Rama alirudi mbio, jasho linamtoka, furaha imemjaa hata akasahau kusalimia. Alichukua chaki ya baba, ile bapa ya kuchorea nguo, akatupanga ukutani pa jiko, kuanzia mrefu kushuka mpaka mfupi, sisi na watoto wa shangazi waliokuwa wamekuja kucheza. Asha alikaa chini mwishoni, mkononi ana kipande cha andazi.

Rama akaanza. Alitunyooshea kidole mmoja mmoja, akataja namba kwa sauti, na juu ya kichwa cha kila mtu akaiandika ukutani. Nilisikia chaki ikikwaruza juu ya nywele zangu, unga wake ukanidondokea puani. Nikaona raha. Hakuna aliyewahi kuniandika mahali popote.

Bibi alikuwa anatoka bombani. Aliposikia, beseni lilianguka, maji yakatufikia miguuni.

"Rama! Funga mdomo!"

Lakini mdomo ulikuwa umeshasema. Kidole kilikuwa kwa Asha.

Bibi hakumpiga. Alifungua kanga yake yenye maji, akafuta ukuta wote, akatema mate pembeni, akasoma Kulhuwallahu mpaka pumzi ikamwishia. Namba hazikufutika vizuri. Zilibaki kama ukungu. Mi nikaelewa, kwa akili yangu ya utoto, kwamba namba ikishatajwa inaingia kichwani mwa mtu na kukaa, na kwamba siku moja atakuja mtu kutuita kwa hizo namba na tutalazimika kumfuata. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajisugua utosi kwa majivu na sabuni hadi ngozi ikawaka. Nikamwuliza Yusufu kama bado inaonekana. Yusufu akasema inaonekana sana. Huyo ndiye kaka yangu mkubwa.

Haukupita muda Asha akapata homa. Kisha macho mekundu, kisha vipele. Surua. Leo naweza kusema surua ilikuwa imeingia Yoba nzima, nyumba hii na hii, kwa waliohesabiwa na wasiohesabiwa. Surua haijui kuhesabu. Lakini siku zile nyumbani kwetu hakuna aliyetaja nyumba ya jirani. Wanawake waliingia kutoa pole, wakanong'ona na mama, na walipotoka walisimama kidogo mlangoni wakimtazama Rama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Yoo!"

Hakuna aliyemgusa. Afadhali wangempiga. Rama alikaa kwenye kona ya baraza, karibu na mguu wa baba, midomo ameikaza kama imeshonwa kwa ile mashine.

Baba aliamua kwamba sisi ambao bado hatujaugua tuondoke. Yusufu alishaugua zamani, akabaki. Mi na Rama tukapakiwa kwenye lori la chumvi kwenda Gashoho, upande wa Muyinga, kwa baba mdogo Selemani. Asubuhi ile Rama alisimama mbele ya chumba alichokuwa Asha. Ndani kulitoka harufu ya majani yaliyochemshwa, na sauti kama ya paka mdogo. Alimwita mama mara moja. Mama hakutoka. Najua sasa kwamba Asha alikuwa mikononi mwake hawezi kumweka chini. Rama aliuona ule mlango uliofungwa kama jibu.

Baba mdogo aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na chumvi soko la Gashoho. Alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake inasikika mpaka kwenye migomba ya watu, na nguo zake zote zilinuka ndagala, hata za Ijumaa. Alifurahi kumpata Rama. Alikuwa amesikia ana kichwa.

"Rama, angalia stoo. Mifuko imebaki mingapi?"

"Iko."

"Iko mingapi?"

"Iko mingi, baba mdogo."

"Mingi ni ngapi?"

"Iko mingi kidogo."

Baba mdogo akanigeukia mi. "Hivi huyu ndiye anayesoma, au mmeniletea mwingine?"

Mwanzoni wote walidhani ni uvivu. Mi niliyelala naye mkeka mmoja niliona. Midomo yake haikutembea tena. Ndege wakitua kwenye paa aligeuza uso. Akitumwa alete viazi, alileta kimoja au alileta kapu zima. Hata sala ilimshinda, kwa sababu rakaa zina hesabu. Alisimama, akainama, akasujudu, akasimama tena, akainama tena, asijue ameishia wapi na hataki kujua, jasho linamdondoka kwenye mkeka. Baba mdogo alimaliza, akakunja msala wake, akanywa chai, akarudi akamkuta bado anasujudu.

"We mtoto, unasali Adhuhuri au unasali mwaka mzima?"

Watoto wake walicheka. Hamisi, mkubwa wao, alimwiga wiki nzima, akiinama na kuinuka mpaka anaanguka. Na mi nilicheka. Alikuwa anaiga vizuri.

Habari ikaja na dereva wa lori: Asha amefungua macho. Amekunywa uji. Rama alikuwa anapepeta ndagala kwenye ungo. Akasema "Alhamdulillahi", akaendelea kupepeta. Nikangoja midomo ifunguke. Haikufunguka.

Halafu ikaja habari nyingine. Likizo inakwisha, shule inakaribia kufunguliwa, na mwalimu amesema asiyefika siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine, maana watoto wa kungoja mlangoni walikuwa wengi, na wa mtaa wetu walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache. Baba akasema turudi. Nikafunga kifurushi changu saa ile ile. Rama hakufunga chochote.

"Mi sirudi."

"Hurudi wapi?" baba mdogo akauliza.

"Shule. Shule ni kuhesabu. Nitabaki hapa niuze ndagala."

"Uuze ndagala! Wewe! Jana umempa mtu gunia kwa bei ya kopo!"

"Nitajifunza."

"Utajifunza nini, sha, na hutaki kuhesabu?"

Baba mdogo alimvuta sikio, akambembeleza, akamwahidi viatu, akamvuta tena lile la pili. Mama mdogo, mkewe, alimwambia kwamba nafasi ikipotea haitarudi, na kwamba baba yake alikwenda kumpigia magoti mwalimu mkuu ili aipate. Rama alisikiliza yote kwa adabu. Alikuwa mtoto wa adabu sana. Akasema harudi.

Ndipo Bibi akaja mwenyewe.

Alishuka kwenye lori mchana, vumbi mpaka kwenye kope, Asha mgongoni. Sikumtambua Asha. Walikuwa wamemnyoa, shingo imekuwa kama ya kifaranga, miguu vijiti vitupu, mashavu yana madoa. Lakini alikuwa anatazama kila kitu, na alipoona ungo wa ndagala alinyoosha mkono. Mi nilimkimbilia. Rama alikimbilia migombani.

Bibi alikunywa maji, akawasalimu watu wote mmoja mmoja bila haraka, akamweka Asha kwenye mkeka uani, akampa ndagala moja ya kuuma. Kisha akaita, wala hakupaza sauti.

"Rama. Kuya hapa."

Akaja. Alisimama kwa mbali, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Asha huyu hapa. Mwangalie."

Hakuinua kichwa.

"Nimesema mwangalie mdogo wako."

"Siwezi, Bibi. Nikimwangalia nitamhesabu." Akageuza uso. "Macho yangu yanahesabu yenyewe. Nayakataza, hayasikii. Nikirudi nyumbani nitawahesabu wote tena, na safari hii atakufa."

Niliikunja shingo nikingoja Bibi amfokee. Bibi ndiye aliyemwambia funga mdomo, Bibi aliyefuta ukuta, Bibi aliyesema tangu tuzaliwe kwamba mtoto hahesabiwi. Nikadhani atasema: umeona sasa? Hakusema. Alikaa akimtazama yule mtoto, mkono juu ya goti. Kuku walipita. Baba mdogo akakohoa.

"Waite watoto wote," Bibi akasema. "Wasimame hapa kwenye mstari."

Tukasimama. Hamisi na dada yake, mi, na Rama mwisho. Bibi akainuka. Akanyoosha mkono wa kulia, kidole mbele.

Mama mdogo alitoka jikoni anakimbia. "Mama! Mama, hapana! Mama, nakuomba!"

"Kama wako unawaogopea, wachukue. Sitakulaumu."

Mama mdogo alimshika binti yake mkono, akamshika na Hamisi. Hamisi akajinasua. Alitaka kuona. Binti naye, alipoona Hamisi amebaki, akalia mpaka akaachiwa. Nyuma ya ua wa minyaa majirani walikuwa wameanza kusimama.

"Moja," Bibi akasema, na kidole chake kikagusa kifua cha Hamisi. "Mbili." Binti akafumba macho. Halafu kidole kikaja kwangu. Bibi yangu, aliyemfukuza mtu wa serikali, kidole chake kilitetemeka kama jani, na nilipokisikia kwenye mfupa wa kifua nilizuia pumzi ili namba isipate pa kuingilia. "Tatu." Akafika kwa Rama, naye akajikunja kama anangoja kiboko. "Nne."

Akashusha mkono. "Basi. Mko wanne."

Asha alikuwa pale pale mkekani, karibu na mguu wake, anatafuna ndagala.

Mi nilikuwa nikimtazama Rama, na nikaona midomo yake imeanza kutembea.

"Bibi."

"Nini?"

"Hukumhesabu Asha."

"Nimehesabu wote."

"Hukumhesabu, Bibi. Si wanne."

"Mi sikusoma. Nimehesabu ninavyojua. Mko wanne."

"Bibi, si wanne!" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa analia. Alikuwa na hasira. Hasira ya mtu anayeona pindo limeshonwa upande, na fundi anakwambia limenyooka. "Si wanne, umemruka, iko hapo chini!"

"Basi mhesabu wewe."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alikosea. Nilimwonea huruma, mwanamke mzima asiyeweza kufika tano. Leo na mi nina wajukuu, na najua kwamba mtu aliyeona upungufu wa mtoto mmoja kwa kutupa jicho kwenye misumari ya jikoni hawezi kumsahau mtoto aliyembeba mgongoni njia yote kutoka Gitega. Swali linalonibakia ni jingine. Je, alimwachia Rama ile nafasi kwa makusudi, kama unavyomwachia mtu tonge la mwisho? Au alipofika kwa Asha, baada ya usiku wote ule wa kumkesha, moyo ulimkatalia kidole? Nilimwuliza Rama hili alipokuwa profesa mwenye mvi. Aliweka kikombe chini. Akasema katika maisha yake ameweza kuthibitisha mambo mengi, mengine yakachapishwa, watu wa nchi asizozijua wakayasoma, lakini hilo moja amelizunguka kila upande na hana uthibitisho. Mi sihitaji uthibitisho. Naamini yote mawili. Mtu anaweza kuogopa kweli kweli, na hapo hapo akatumia ule woga kufanya kazi.

Siku ile hakuna aliyejiuliza hayo. Siku ile wote tulimtazama Rama.

Alijifuta pua kwa mkono. Akatoka kwenye mstari, akapita mbele yangu, akapiga magoti kwenye mkeka. Hakunyoosha kidole. Aliweka kiganja kizima juu ya kile kichwa kilichonyolewa, taratibu, kama mtu anayepima kama sufuria bado ina moto, na akamwangalia usoni. Tangu Yoba hakuwa amemwangalia.

"Tano," akasema.

Tukangoja. Mama mdogo alikuwa amejiziba uso kwa kanga. Huko kwenye minyaa mtu akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Mi niliangalia juu, maana nilidhani litakalokuja litatoka huko.

Asha akatoa ndagala mdomoni. Akauangalia ule mkono uliokuwa kichwani kwake, akamwangalia mwenye mkono. Tangu augue alikuwa hajasema neno, mama alisema huenda surua imeondoka na ulimi wake.

"Tena," akasema.

Rama akamgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameshatupa mgongo, anatafuta birika la kutawadhia, anasema Alasiri inampita na watu wamesimama tu.

"Umesikia mtoto anataka nini," akasema bila kugeuka.

"Tano," Rama akasema.

"Tena."